Kuizoea Windows ya Ofisini

Mwishoni mwa mwaka 2020 niliajiriwa na kampuni ndogo jijini Dar es Salaam iliyokuwa ikitengeneza programu za malipo, nikakabidhiwa kompyuta mpakato yenye Windows 10 pamoja na sharti kwamba mfumo huo usiondolewe. Nilikuwa nimetumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, tangu chuoni, na Windows sikuipenda: anwani za faili zilitumia mkwaju ulioinamia upande mwingine, na amri nyingi nilizoziandika kwa mazoea zilikataliwa.

Tegemeo langu lilikuwa WSL, nyenzo inayoiwezesha Linux kukaa ndani ya Windows. Toleo lake la kwanza, la mwaka 2016, lilitafsiri tu maombi ya programu za Linux ili Windows iyaelewe. La pili, lililokuja na sasisho la Mei 2020, lina kerneli halisi ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ndani ya mashine pepe nyepesi (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), na ndilo nililolitaka. Lakini lilihitaji uwezo wa mashine pepe uwashwe kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na nywila ya BIOS alikuwa nayo kijana wa TEHAMA. Alikuja, akaiandika huku amekinga kibodi kwa kiganja, kisha akaniambia, “Kaka, usije ukaniharibia mashine ya watu.”

Mengine yalikwisha jioni ile ile: Windows Terminal, dirisha la kuandikia amri, na PowerToys, programu ya ziada iliyoigeuza Caps Lock kuwa Ctrl. Kazi ilikuwa kwenye faili. Mradi ulikaa kwenye diski C, na git status, amri ya Git (programu ya kutunza mabadiliko ya mradi) inayoonyesha faili zilizobadilika, ambayo kwenye Ubuntu ilinijibu papo hapo, hapa iliniacha nikikodolea macho skrini, kwa sababu kila faili lililosomwa na Linux lililazimika kuvuka mpaka wa mashine pepe. Nilipouhamishia mradi kwenye /home, folda ya upande wa Linux, kero hiyo ikaisha. Wengi niliowasikia wakiilaumu WSL kwa uzito walikuwa wameacha kazi zao upande wa Windows.

Kisha skripti moja ya kusimika programu ikagoma, ikilalamikia alama ya \r ambayo kwenye kihariri haikuonekana hata kidogo. Niliifungua kwa cat -A, amri inayoonyesha alama zilizofichika, na pale ambapo kila mstari ulipaswa kuishia kwa $ peke yake, uliishia kwa ^M$, hiyo ^M ikiwa ndiyo \r yenyewe. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja; ni urithi wa mashine za teleksi, ambazo zilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari kwa amri moja na kusogeza karatasi kwa nyingine. Ningeweza kurekebisha mashine yangu tu, lakini wenzangu wangeendelea kuziingiza alama hizo, kwa hiyo niliandika * text=auto eol=lf, kanuni ya kumaliza mistari kwa mtindo wa Linux, kwenye .gitattributes ya mradi, faili ambalo Git hulifuata kwa kila mtu, nikasawazisha faili zote kwa git add --renormalize na kuwasilisha mabadiliko yakaguliwe.

Dada aliyekuwa mkaguzi wetu aliona karibu kila faili la mradi limeguswa, akageuza kiti.

“Mdogo wangu, umeandika upya mfumo mzima?”

“Hapana, dada. Ongeza -w, ipuuze tofauti za nafasi tupu na miisho ya mistari, halafu uangalie tena.”

Aliongeza, orodha yote ikatoweka, ukabaki mstari wangu mmoja tu wa .gitattributes. Aliupitisha, kisha akaniuliza ile Caps Lock nimeigeuzaje.