Nilivyozima ubishi wa wachelewaji kwa penseli na karatasi

Kilichoniingiza kwenye takwimu ni kelele. Kila mazoezi ya kwaya yetu yalianza kwa ubishi wa nani anawachelewesha wenzake: besi wanasema soprano, soprano wanasema besi, mwenyekiti anasema wote tupigwe faini. Nikaropoka, "Jamani, kwani hakuna anayeweza kuhesabu?" Ukiuliza swali hilo mbele za watu, ujue kazi umeshapewa.

Mwenzetu mmoja, mtaalamu wa kila kitu, alinishika mkono palepale: gawa dodoso. Akalitunga mwenyewe. "Je, wewe huchelewa mazoezini? (a) Kamwe (b) Mara chache (c) Mara kwa mara." Majibu yalikuwa burudani tupu. Karibu wote walichagua "mara chache", na nilipodadisi, kwa mmoja hiyo ni mara moja kwa mwezi, kwa jirani yake ni kila wiki. Bwana mmoja alijaza "kamwe" huku bado anahema, ndiyo kwanza anaingia na nyimbo mbili zimeshapita. Utamu zaidi ni huu: karatasi ziligawiwa mwanzoni mwa mazoezi, kwa hiyo wachelewaji sugu hawakuzipata kabisa. Tuliwauliza waliowahi kama watu huchelewa!

Mtaalamu akasema tuongeze tu idadi ya wajazaji. Hapo nilikataa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, nyingi kwa watu waliopatikana kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, yaani zaidi watu wenye uwezo wa enzi hizo. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Sampuli, yaani wale wachache wanaoulizwa kwa niaba ya wote, ikishapinda haunyooki upindo wake kwa kuongezwa ukubwa.

Basi nikaachana na maswali, nikakaa mlangoni. Saa ni moja tu, ya ukutani, maana kila mtu ana saa ya mkononi inayomtetea. Na "kufika" ni kuvuka kizingiti. Kuna watu hapo nje wanaweza kusalimiana robo saa nzima kisha waape kwamba walikuwapo. Mkikusanya data yoyote, pataneni kwanza mnahesabu nini, la sivyo mtagombana baada ya kuhesabu.

Nilidhani ningetumia vile vistari vya kuhesabia, vinne vimesimama na cha tano kinavikata mshazari. Ni vizuri kwa haraka, ila ukishaweka kistari kwenye fungu la dakika 0 hadi 9, hujui tena kama huyo alichelewa dakika 2 au 9. Nikatumia shina na majani, mbinu ambayo mwanatakwimu wa Marekani, John Tukey, aliipigia debe sana, na hapa naomba nijisifu kidogo. Upande wa kushoto unaandika makumi, unavuta mstari, kulia unaandika mamoja. Aliyechelewa dakika 12 anapata 2 kwenye mstari wa 1. Jioni moja ilitoka hivi, baada ya kuyapanga majani kwa ukubwa:

0 | 0 2 3 3 3 4 5 6 7 8
1 | 1 2 5
2 |
3 |
4 | 6
5 |
6 |
7 |
8 | 5

Geuza karatasi hiyo ubavu. Umeshapata grafu! Hukuchora chochote, na hakuna namba hata moja iliyopotea. Andika tarakimu kwa upana uleule tu, la sivyo mstari wenye mwandiko mnene utaonekana una watu wengi. Karatasi ya miraba inakuokoa.

Mwenyekiti aliposikia wastani ni dakika 14 akang'aka: "Mnaona? Wote mnachelewa robo saa!" Nikamwambia, mheshimiwa, tazama. Watu ni 15, jumla ya dakika ni 210, kweli wastani ni 14. Lakini 12 kati yao walichelewa chini ya hapo. Mediani, yule wa nane ukiwapanga foleni, ni dakika 6. Modi, namba iliyojirudia zaidi, ni 3. Wale wawili wa 46 na 85 wanabeba dakika 131, zaidi ya nusu ya jumla yote. Alinyamaza, akaomba karatasi, akaigeuza ubavu mwenyewe.

Mtaalamu hakukata tamaa. Alirudi na chati ya pai ya rangi sita, imeinamishwa kama sahani inayoteleza mezani, na kipande cha mbele kikawa kikubwa kuliko cha nyuma ingawa asilimia zao zilikuwa sawa. Tukaitupa. Akaleta ya pau, ya kulinganisha sauti: besi wastani wa dakika 12, soprano 14. Pau ya soprano ilikuwa ndefu mara tatu! Kumbe kompyuta yake ilianzisha mhimili wima kwenye 11. Soprano walikuwa wameshaanza kuvaa viatu waondoke. Nilichora upya mbele yao kuanzia sifuri, pau mbili zikakaribiana, na ubishi wa besi na soprano ukafia hapo. Chati ya pau ianze sifuri, hakuna mjadala, maana msomaji analinganisha urefu. Grafu ya mstari ina uhuru zaidi, mradi namba za mhimili zisomeke.

Gharama? Penseli, kifutio na uvumilivu wa kusimama mlangoni bila kuvutwa kwenye umbeya.

Faini haikupita. Wa dakika 85 alifuatwa kwa upole, ikajulikana anatoka zamu ya kazi jioni, akapangiwa mazoezi ya siku nyingine. Wa 46 hana sababu yoyote; anajijua. Mimi sasa kila wiki naweka nukta moja ya mediani kwenye grafu ya mstari ukutani, na mwenyekiti ameanza kunizungukazunguka akitaka nihesabu michango. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa kukaa mlangoni.