Nilivyovuka UE bila beseni

UE, yaani mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, ikinukia tu, washauri wanazaliwa kila kona ya hosteli. "Kesha, dogo. Utalala ukimaliza chuo." Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akaniongezea na dawa kabisa: beseni la maji baridi, tumbukiza miguu, usingizi utakukimbia. Beseni lenyewe elfu tatu, elfu nne, nikasema si neno.

Jamani! Joto la Dar unalijua. Maji yakawa uvuguvugu kabla sijamaliza ukurasa, nikawa mtu wa kwenda bombani na kurudi. Mbu nao wakafurahia magoti. Saa nane usiku nikawa nasoma fomula moja kwa sauti, mwenzangu wa chumba akainuka kuuliza namwombea nani. Mwisho nikasinzia, mguu ukapiga teke, maji yote yakaingia chini ya kitanda chake, yalipolala madesa yake (noti zake) ya Uchumi. Asubuhi tulikuwa tunayaanika kwenye kamba kama nepi. Na hiyo ndiyo siku ya testi ya Takwimu. Nilichoandika kwa uhakika ni namba ya usajili.

Nikaacha ushauri wa watu, nikashika kalamu. Kwetu alama 40 zinatoka kwenye testi na asainimenti, 60 ni UE, na kufaulu ni kuanzia 40. Nikaorodhesha nilichokwisha kuvuna kila kozi. Yenye 31 sikuihangaikia. Takwimu, yenye 17 za beseni, ikapewa asubuhi zote. Wengi wanafanya kinyume, wanang'ang'ania kozi wanayoijua kwa kuwa inawafurahisha, halafu sapu, ule mtihani wa marudio, ikija wanalaumu mhadhiri. (Kuna vyuo vinavyodai kiwango cha chini kwenye UE yenyewe, soma kanuni zenu kwanza.)

Pepa za nyuma nilizijibu pale kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, madesa yamefungwa, saa mezani. Saa tano usiku nimelala, wenye kukesha wanicheke. Ubongo unapanga ulichosoma ukiwa usingizini, ndiyo biolojia hiyo. Kahawa ya jioni niliiacha pia, maana nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini hata baada ya masaa matano. Takwimu nimetoka na B, na siombi radhi.

Kilichobaki kunipandisha presha ni asainimenti ya kundi. Mnajua watu wa kuchomekwa majina bila kufanya kazi: huyu yuko msibani, yule anaumwa, mwingine kaibiwa simu. Nikatuma rasimu kwenye WhatsApp ya kundi, ukurasa wa mbele una jina langu na la dada mmoja tuliyehangaika naye. Chini nikaandika: "Jina linaingia likiongozana na aya zake. Napeleka kuchapa saa kumi." Mfiwa akarudi mjini, mgonjwa akapona. Yule wa simu kuibiwa akanipigia kulalamika, kwa namba ile ile.