Siku moja maishani mwangu: naandika maneno ya programu inapogoma

Saa 1:30 asubuhi. Mwezi wa saba Mbeya, baridi ya Uyole haina mchezo. Napanda daladala kwenda Kabwe, sweta ndani, koti juu. Kazi yangu ni kuandika maneno yanayotokea kwenye simu pale programu inapogoma. Programu yenyewe ni ya vikundi vya kuweka na kukopa: mwanachama ananunua hisa, anaomba mkopo, anarejesha, yote kwa simu. Wengi ni wakulima wa viazi wa Uporoto na wafanyabiashara wa Mwanjelwa. Wakishika simu kwa ajili ya pesa, roho iko juu, na dakika hiyo hiyo mimi ndiye ninayezungumza nao.

Saa 2:30. Kabla ya chai nasoma taarifa za wenzangu wanaopokea simu za wateja. Jana mama mmoja alipiga huku analia. Simu ilikuwa imemwandikia "Akaunti imefungwa", akajua ada ya mtoto ndiyo imekwenda. Kumbe alikosea namba ya siri mara tatu, mfumo ukazuia kuingia kwa dakika 30. Ule ni ulinzi wake mwenyewe, lakini nani angeujua kwa maneno mawili yale? Naandika upya:

"Namba ya siri imekosewa mara tatu. Ili mtu mwingine asiibahatishe, jaribu tena baada ya dakika 30. Akiba yako haijaguswa."

Sentensi ya mwisho siiweki mpaka nimuulize mtaalamu wetu wa programu kama ni kweli kila mara. Anafungua msimbo, yale maelekezo yanayoiendesha programu, anaangalia, anasema kuzuia kuingia hakugusi salio hata kidogo. Basi inabaki. Kumtuliza mtu kwa jambo ambalo huna hakika nalo ni kumdanganya, na kwenye pesa hadanganyiki mara mbili.

Saa 4. Sasa ule ujumbe unaoninyima raha: mtandao umekatika katikati ya malipo. Simu imetuma ombi, seva, yaani kompyuta kuu inayopokea maombi, haijajibu ndani ya muda uliopangwa. Huenda ombi halikufika kabisa. Huenda lilifika, pesa ikalipwa, jibu ndilo likapotea njiani. Programu haijui ni lipi kati ya hayo, ila ujumbe wa zamani unasema kwa kujiamini: "Muamala umeshindikana. Jaribu tena." Mtu anatii, anajaribu tena, analipa rejesho mara mbili.

Nimeandika hivi: "Bado hatujapata jibu kuhusu rejesho lako la Sh 50,000. Usitume tena. Likikamilika au likishindikana, tutakutumia ujumbe."

Nimeshikilia pia kwamba kila ombi lipewe namba yake ya kumbukumbu tangu linapoanza, ili hata mtu akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi, seva itambue ni ombi lile lile. Wenzangu wamekubali. Bila kazi hiyo nyuma ya pazia, maneno yangu yangekuwa pole tu.

Saa 6. Wenye vitochi wanaingia kwa menyu ya nyota na reli, na huko ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwemo. Napunguza, nahesabu, napunguza tena. Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alitoa kanuni zake kumi za usanifu, na mojawapo inataka ujumbe wa hitilafu utumie lugha ya kawaida, ulitaje tatizo na upendekeze njia ya kutoka. Naikubali yote, ila kwa watu wetu natanguliza kitu kimoja: pesa iko wapi. Mtu asiyejua hilo hasomi mstari wa pili.

Saa 8 mchana. Mwanjelwa, kwa mama muuza mchele wa Kyela. Shikamoo, marahaba, nakalishwa kwenye kiroba. Namwomba ajaze namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, huku mimi nimenyamaza. Anaandika kwa kidole kimoja, anaruka tarakimu moja. Zamani angeona "Ingizo si sahihi" kwa wino mwekundu. Leo anaona: "Umeandika tarakimu 19. Namba ya NIDA ina 20. Linganisha na kitambulisho chako, fungu kwa fungu." Tumezigawa zile tarakimu kama zilivyo kwenye kadi: nane za tarehe ya kuzaliwa, tano, tano, mbili. Anaisoma kwa sauti, anarudi na kidole, anasimama kwenye fungu la tatu.

"Hii hapa. Nimeiruka."

Kisha ananionyesha mstari wa chini. "Na hii namba ya kupiga, ni ya nani?"

Ni ya ofisi yetu, namwambia. Anatikisa kichwa. "Mwanangu, kila siku naletewa meseji za 'ile hela tuma kwenye namba hii'. Namba nisiyoijua siipigii."

Ana haki kabisa. Wasiwasi wake ndio umemlinda mpaka leo, na sitaki kuandika maneno ya kuuondoa. Hapo hapo naifuta namba, naandika: "Ukikwama, mwone mweka hazina wa kikundi chako." Anasoma, anaitikia. "Huyo namjua. Ndaga, mwanangu." Ndiyo asante ya Kinyakyusa.

Saa 10 jioni. Ofisini, nabadilisha mstari ule kila ulipo. Inachosha, lakini haichukui muda.

Saa 11:30. Umebaki ujumbe mmoja: "Hitilafu isiyojulikana." Mwenzangu anapendekeza tuweke "Samahani, kuna tatizo dogo." Nakataa, kama hatujui tatizo ni nini, udogo wake tumeupimia wapi? Kesho tutakaa naye na kumbukumbu za seva tuone unatokea wapi na wapi, kisha kila sehemu ipate maneno yake.