Kodiani, fidla na miguu yangu

Jumapili, saa nne asubuhi. Bado niko kitandani. Mashavu ya miguu yananiuma hata kushuka ngazi naogopa.

Jana bibi jirani alinigongea mlango. "Una viatu visivyo na kisigino? Vaa, twende." Twende wapi, hakusema. Saa moja na nusu usiku nikajikuta kwenye ukumbi wa kijiji, karibu na mto Tay, kwenye ceilidh, yaani tafrija ya muziki na dansi za Kiskoti. Hutamkwa keili. Miaka 3 niko Uskoti nalisoma neno hili kama lilivyoandikwa na hakuna aliyenisahihisha. Wastaarabu mno watu hawa.

Jukwaani watu watatu tu: kodiani, fidla na dramu. Mimi mtoto wa Unguja, kodiani na fidla nimevizoea kwenye taarab, ambako unakaa kitako ukasikiliza, na ubeti ukikuchoma unainuka kwenda kutunza. Hapa haimbi mtu wala hatunzwi mtu. Mpiga kodiani, mzee wa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, na soksi nzito, alikuwa hatutazami usoni. Macho yake yote miguuni kwetu.

Dansi ya Gay Gordons nilipita salama. Balaa lilikuja na Dashing White Sergeant. Mnasimama watatu mkikabiliana na watatu, mnashikana mikono wote sita, mnazunguka kushoto hatua 8, kisha kulia 8. Baadaye kuna kupishana kama mnafuma ukili, halafu mistari inasogeleana mkipiga vishindo, inarudi nyuma mkipiga makofi, mwisho kundi moja linainua mikono na jingine linapita chini yake kwenda kukutana na wageni wengine. Nilikuwa nahesabu kwa midomo kama mtoto wa chuoni, na kila nikifika sita nimeshamkanyaga mtu.

"Acha kuhesabu, mwanangu," bibi akanambia. "Sikiliza."

Kumbe muziki wenyewe ndio unaohesabu. Mahadhi yamekatwa vipande vilivyo sawa, na kila kimoja kikikaribia kwisha fidla inashuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Hapo ndipo pa kugeukia. Nilipoishika pumzi ile, sikumkanyaga tena mtu. Karibu.

Wakati wa chai mzee mmoja alinisimulia habari za Niel Gow, mpiga fidla wa Inver, hapo hapo Perthshire, aliyezaliwa 1727 na kufa 1807. Alimzungumza kama mtu aliyetoka mara moja kwenda dukani. Hata mwaloni aliokuwa akikaa chini yake na fidla yake, ukingoni mwa Tay, wanakuonesha. Kwenye bahati nasibu nikashinda kopo la biskuti.

Kisha ikaja Strip the Willow, ambayo huchezwa kwa jigi: mapigo sita mepesi ndani ya mawili mazito. Mabega yangu yakaenda yenyewe kabla sijajua kwa nini. Chakacha! Kwetu mapigo sita hayo yanakaa kiunoni. Hapa yanakaa magotini na kwenye viwiko, maana unazungushwa kutoka mkono hadi mkono mpaka mwisho wa mstari, na asiyekushika vizuri anakurusha ukutani. Nje baridi ya kuuma, ndani madirisha yote wazi na jasho linatutiririka.

Nasikia redio ya bibi ng'ambo ya ukuta, kodiani tena, na nyayo zake jikoni zikienda na kurudi. Ana miaka 81. Mashavu yake ya miguu, inaonekana, hayana neno.