Siku yangu moja Mlimani: "Dada, niangalizie Kiingereza changu"

Saa 12 asubuhi. Simu ina ujumbe tayari. Kaka mmoja wa mwaka wa kwanza ameandika usiku wa manane: "Dada, naomba uniandikie asainimenti ya stadi za mawasiliano, nitakutoa ya soda." Namjibu kabla sijapiga mswaki. Kukuandikia hapana. Nitumie hoja zako kwa Kiswahili, hata kwa kurekodi sauti, halafu tukae pamoja.

Niko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma Kiingereza, isimu na fasihi. Watu wakishalijua hilo hawakuachi: wa uhandisi, wa sheria, majirani, ndugu wa majirani. Sichoki nao. Nina msimamo wangu tu kuhusu namna ya kuwasaidia.

Saa 2. Kipindi cha fonolojia, somo la mfumo wa sauti za lugha. Leo tunalinganisha irabu. Kiswahili kina tano. Kiingereza cha Uingereza, kwa matamshi yanayofundishwa vitabuni, zinafika ishirini hivi ukijumlisha na zile zinazoungana. Namfikiria mtoto wa Kidato cha Kwanza: sikio lake lina vyumba vitano, wageni wanaobisha hodi ni ishirini, na mwalimu hapunguzi mwendo.

Saa 5. Nje ya maktaba mpya, kwenye viti vya kivulini, kijana wa uhandisi ananisubiri na ripoti yake ya fildi, yale mafunzo ya vitendo. Nasoma ukurasa mmoja. Sentensi ni ndefu, kila kitu "kilifanyika", na hujui nani alifanya nini wala kipi kilitangulia. Anadhani tatizo lake ni gramaa. Namwambia afunge kompyuta, anieleze walivyopima zege huko saiti.

Hapo anabadilika kabisa. Mikono inaanza kufanya kazi hewani. Mnaweka koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300 juu ya bamba. Mnaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka mnalichoma kwa nondo mara 25. Mnasawazisha juu, mnainyanyua koni taratibu, wima, bila kuizungusha. Kisha mnapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiasi, mara nyingi maji yamezidi. Mimi wa fasihi nimeelewa kila hatua! Kwenye ripoti, kitendo cha kunyanyua koni hakikuwemo kabisa, kilipotea katikati ya maneno makubwa aliyoyatoa kwenye desa (notisi za kurithishana) la mwaka jana.

Tunaandika upya, hatua moja sentensi moja. Kibodi ni yake, mimi sigusi. Nauliza tu: nani? lini? kisha? Njeo, yaani nyakati za vitenzi, na vile viambishi vidogo vya Kiingereza tunavirekebisha mwishoni, na havichukui muda mrefu. Hadi saa 8 sehemu ile imesimama, na ni yake. Msimamizi akimuuliza chochote, atajibu.

Alasiri ni vipindi, foleni ya chakula, na barua moja ya kuomba nafasi ya fildi niliyoisoma nikiwa nimesimama.

Saa 1 usiku, Changanyikeni. Mama mwenye nyumba ananiita: "Mwanangu, mdogo wako huyu ana mtihani wa Biolojia." Yuko Kidato cha Pili. Ananighania aya nzima ya Kiingereza kuhusu moyo, bila kukosea hata neno. Namuuliza kwa Kiingereza kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, ni mnene kuliko wa kulia. Kimya. Namuuliza tena kwa Kiswahili. Anajibu papo hapo: "Ya kushoto inasukuma damu mwili mzima, dada. Ya kulia inaipeleka mapafuni tu, hapo karibu."

Jibu kamili. Mtihani hautaliona asipoweza kuliandika kwa Kiingereza, na hili linaniuma kila nikikaa naye. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Tunawahamisha lugha watoto wakati uleule wanapokutana na seli, asidi na aljebra, halafu mtoto akinyamaza tunasema hana akili. Huyu ana akili. Nimeisikia kwa masikio yangu.

Namwambia aandike alichoniambia kwa Kiingereza chake, kifupi, bila ile aya. Anaandika sentensi tatu. Moja ina kosa la kitenzi, analiona mwenyewe akiisoma kwa sauti. Tunaendelea na vali, kisha mishipa, kila kitu kwanza kwa Kiswahili. Mama anatuletea chai na chapati, anakaa kusikiliza, na yeye anauliza kwa nini presha inapanda. Mtoto ndiye anayemjibu.

Saa 4 naingia chumbani, nafungua kazi yangu ya fonolojia. Inatakiwa Ijumaa, na jedwali la irabu bado sijalichora.