Kinundu cha kitovuni

Jamani, wengi mmeulizia hali ya baba mkubwa na simu zimenishinda, acha niandike hapa.

Kilianza kinundu kitovuni, kigumu kama kokwa ya embe, chekundu kinachoelekea zambarau, ukikibonyeza hakiumi. Shangazi akaleta mafuta ya habasoda. Lakini jipu gani haliivi? Kushiba haraka na kukonda tulijua ni vidonda vyake vya tumbo, anavyo siku nyingi.

Daktari wa ngozi alikata kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Majibu: saratani, na chanzo chake si ngozi. Wakampitishia kamera mdomoni, wakaikuta tumboni.

Saratani ya tumbo kutokea kwenye ngozi ni nadra, na ikionekana kitovuni mara nyingi imeshasambaa ndani. Kinundu hicho kina jina la mtawa, Sista Mary Joseph, aliyekuwa msaidizi wa Dkt. William Mayo kwenye upasuaji kule Minnesota, Marekani. Alikuwa akiwaandaa wagonjwa, akagundua kwamba wenye kinundu kile wakipasuliwa hukutwa saratani imeenea. Muuguzi mwenye macho, huyo!

Kupasua wamesema hakutamsaidia. Ameanza kemo, yaani dawa kali za saratani, ili kuupunguza kasi ugonjwa, na kinundu kimesinyaa kidogo. Mwenyewe anachouliza ni Yanga wanacheza lini.

Mnaokuja kumwona, njooni jioni. Msibebe pilau, tafadhali. Uji mwepesi, kidogo kidogo, ndio unaokaa.