Mradi wa Subaru WRX: nimenunua pampu mbili za petroli bila sababu, kumbe ni ethi

Saa moja kasorobo asubuhi, nimeegesha kando ya barabara ya Mambrui, mkono bado unatetemeka juu ya gia. Namwambia binamu yangu aliyepakata laptopu, "Yakhe, soma tena." Akasoma tena: 11.3, yaani kilo 11.3 za hewa kwa kila kilo ya petroli; namba ikipanda, injini inakosa petroli. Gia ya tatu, mizunguko 6,200, boosti (presha ya turbo) baa 1.2, na namba haikupanda. Wiki sita nzima, papo hapo baada ya daraja la Sabaki, nilikuwa nikiona 12.9 na kuondoa mguu kabla pistoni hazijaniondoka mimi.

Kwa waliokosa yaliyotangulia: turbo nilishaibadilisha, injekta pia, na tangu hapo ramani ya kompyuta, yaani maagizo ya kiasi cha petroli, ni ile ile. Pampu ya kiwandani ilipoanza kushindwa nikaweka Walbro ya lita 255 kwa saa. Gari likaendelea kukausha, yaani petroli haitoshi. Nikasema hii ni feki, maana feki zimejaa sokoni, nikaagiza nyingine kwa muuzaji mwingine kabisa. Ikafanya vile vile, mzunguko ule ule, kama wameambizana. Nikaanza kuitamani ya lita 340, na fungu nililoweka kwa mchango wa harusi ya dada likaanza kunikonyeza.

Kilichoniokoa ni kalamu. Injini ya turbo inakula takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Mimi sitafuti zaidi ya farasi 300. Hizo ni kama kilo 81, na lita moja ya petroli ni karibu gramu 740, kwa hiyo nahitaji lita 110 kwa saa. Mia na kumi! Nina pampu ya 255 na gari linalia njaa. Hata ukikumbuka kwamba ile 255 ni ya presha ya baa 3, na kwamba regyuleta (kifaa cha kushikilia presha ya petroli) inaongeza presha kila boosti inapopanda hadi pampu yangu inasukuma dhidi ya baa 4.2, bado inatosha na chenji inabaki.

Ila namba ya kwenye boksi imepimwa pampu ikipewa volti 13.5. Je, yangu inapata ngapi?

Nikang'oa kiti cha nyuma, nikachoma sindano mbili nyuma ya plagi ya kifuniko cha tangi, nikavuta waya za mita hadi mbele. Tukaenda Sabaki. Betri 13.8. Pampu 10.7. Nilidhani mita imekufa.

Hapa niseme jambo kuhusu ile balbu ya kupimia ambayo kila fundi anaitembeza mfukoni. Mafundi wawili walishanipimia waya hizi wakaapa ziko sawa, kwa sababu balbu iliwaka. Balbu inawaka kwa volti 10, inawaka kwa 13, na macho hayaoni tofauti. Hata ule mlio wa mita ni mwongo: uzi mmoja wa shaba ukibaki mzima, mita inalia kwa furaha. Pima wakati pampu inafanya kazi, mzigo ukiwa juu ya waya. Vinginevyo unapima matumaini.

Nikatafuta zile volti 3.1 zinapotelea wapi. Upande wa chanya 1.2: waya mwembamba kama mshipi wa kuvulia, na plagi imebadilika rangi kwa joto. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, peke yake 1.9! Skrubu ya ethi nyuma ya buti ilikuwa imevaa unga wa kijani. Gari limelala miaka mitatu mita mia mbili kutoka baharini, nilitarajia nini? Nimetumia pesa ya pampu mbili kwa sababu ya skrubu moja iliyoliwa na chumvi. Sikulala usiku ule, wallahi.

Waya mpya sikununua duka la vipuri. Nilikwenda kwa fundi wa mashua za uvuvi, nikachukua waya wa shaba iliyopakwa bati, milimita 4 za mraba. Wa mashua hauliwi na chumvi kirahisi, na sielewi kwa nini sisi wa magari huku pwani hatuutumii. Mmoja kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 20 na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), mwingine wa ethi unarudi hadi betri.

Rilei ilinipotezea Jumapili. Niliiwasha kwa waya unaotoka kwenye kisanduku kinachoongoza pampu, ikaanza kugonga kama meno ya mwenye malaria. Kile kisanduku hakitoi umeme mfululizo, kinaukatakata ili pampu iende polepole gari likiwa limetulia. Nikahamia waya unaokilisha kisanduku chenyewe. Sasa pampu inazunguka kwa nguvu zote muda wote, lakini injini ikizimika kompyuta bado inaikata pampu. Usikubali kuunganishiwa moja kwa moja na swichi ya funguo. Ukipata ajali pampu itaendelea kumwaga petroli.

Kabla ya kurudi barabarani nilipima kwa jerikeni, Probox ya jirani ikinipa jampu, presha baa 3. Waya wa zamani: lita 2.6 kwa dakika. Waya mpya: 3.8. Pampu ni ile ile.

Na ukiwa umefungua tangi, angalia mpira ulio ndani. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba petroli ndani, si kulowa nje. Tafuta ulioandikwa J30R10. Wangu wa kwanza ulivimba ukawa laini kama mhogo wa kuchemsha.

Matatizo mapya yapo. Bomba la kurudisha mafuta ni jembamba, na geji ya presha ya petroli inasoma baa 3.4 badala ya 3 gari likiwa limesimama, nimeshatoa mpira wa vakyumu. Na jana mchana, kwenda Kilifi na kurudi na robo tangi, pampu ilianza kulia kama mbu. Petroli inazunguka hadi kwenye injini na kurudi ya moto, na ikiwa kidogo inachemka haraka.

Nilipanga wiki hii iwe ya regyuleta. Lakini jana usiku nilipima ethi ya stata, na ethi ya taa, na ile ya altaneta. Taa ya kushoto inapoteza 1.4. Regyuleta itasubiri, nimeshamwambia fundi wa mashua anikatie mita nane nyingine.